Kilo za Nyumba Yenye Kufuli

Haya ni kweli tupu. Hayana chumvi, hayana pilipili, hayana hata maji ya kuongezea mchuzi. Kama nimetia neno moja la uongo, basi magoti yangu yasipone. Na kwa kuwa mwaka wa sita huu hayajapona, wapo watakaosema Mungu alishatoa hukumu kabla sijafungua kinywa. Waache waseme, midomo ni yao.

Nilikuwa msoma mita wa maji. Miaka thelathini na mmoja nimeingia nyua za mji huu, nikainua vifuniko, nikafuta utando wa buibui, nikasoma namba na kuziandika kitabuni. Ndiyo maana mtaa mzima wananiita Mzee Mita. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki nilijisomea kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Nimeng'atwa na mbwa kumi na tisa, na wa ishirini alipofika akaona hapakubaki pa kung'ata, akanisindikiza hadi getini kama mgeni rasmi. Palikuwa na mmoja mweusi, mkubwa kama ndama, ambaye hakukubali kabisa niingie kwao. Tukafikia maelewano. Mimi nasimama nje ya ukuta, yeye anabweka, nahesabu. Akibweka mara saba naandika saba. Mwaka mzima mwenye nyumba hakulalamika hata siku moja.

Basi, hilo la mbwa lina makadirio kidogo. Na makadirio ndiyo kiini cha habari hii. Katika kazi yetu, mlango ukiwa umefungwa, au mvua imezidi, au mguu umegoma, huachi mstari wazi. Msimamizi akikuta mstari wazi anakukata mshahara wa siku. Unatazama mwezi uliopita, unaongeza kidogo, unaandika. Tulikuwa tukisema umemsomea mtu akiwa hayupo. Wote tulifanya, na maji hayakuacha kutoka bombani kwa sababu hiyo. Nilistaafu nikapewa cheti na saa ya ukutani.

Naishi na mkwe wangu, mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe alikwenda kutafuta maisha mbali, na inaelekea aliyapata, maana mwaka wa tatu huu hajarudi kuuliza ya hapa. Mkwe angeweza kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Kila asubuhi ananiamkia, ananiwekea chai, kisha anafuta meza ya jikoni na kufungua kompyuta yake yenye ufa kwenye kona. Kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Alishatengeneza ya kinyozi, ya kupanga zamu za wateja, na ya duka la dawa. Vikazi vya kupata pesa ya umeme, basi.

Siku moja manispaa ikatangaza kuwa inatafuta programu ya kuwafanya watu watenge taka: plastiki, makopo na maboksi kando, uchafu wa jikoni kando. Watengenezaji wawili watapewa mtaa mmoja mmoja wa majaribio kwa miezi mitatu. Itakayofanya kazi itasambazwa mji mzima, na aliyeitengeneza ataajiriwa kuiendesha. Mkwe akaomba, akapewa mtaa wetu, nyumba arobaini na sita. Hakunieleza kwa maneno mengi maana ya jambo lile kwake, lakini mimi si kipofu. Ilikuwa ni mshahara wa kila mwezi wenye jina lake, asiendelee kuitazama simu kusubiri huruma ya mtu aliye mbali.

Watu hudhani programu huanza kwenye kompyuta. Hii ilianza kwenye boksi la viatu. Mkwe alilikata vipande vya ukubwa wa simu, akachora vitufe kwa kalamu, akaviweka mbele yangu kimoja kimoja na kuniambia, "Baba, usifikiri. Kidole chako kinataka kwenda wapi?"

Kidole changu kilikwenda kila mahali isipokuwa alipotaka yeye. Nilibonyeza mchoro wa jani la kijani nikidhani ndiyo mahali pa kuanzia, kumbe pambo. Akalifuta jani. Nilishindwa na neno la siri, akaliondoa, ikawa namba ya simu inatosha. Vitufe vya namba vilikuwa vidogo, gumba langu likafunika vitatu kwa mpigo, akavikuza hadi vikawa kama vifuniko vya chupa. Alisema nikiweza mimi, mtaa mzima utaweza. Sikujua kama ni sifa au tusi, nikachukua sifa.

Mimi pia nilitoa mashauri mawili. La kwanza, nilimwambia aondoe maneno yale ya kuokoa dunia aliyoyaweka mwanzoni. Watu hawaamki asubuhi kuokoa dunia, wanaamka kumshinda jirani. Weka orodha, nani katoa kilo nyingi, nani mkiani, kila mmoja aone. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaiweka.

La pili ndilo lililoniponza. Yeye alitaka kila nyumba ijipimie taka zake na kuandika. Nikamwambia watadanganya. Nimeingia nyua zao miaka thelathini na mmoja, nawajua. Mtu anayesimamisha mita kwa sumaku isihesabu ataogopa kuandika kilo kumi za chupa? Anahitajika mpimaji mmoja, mwenye mizani mkononi, apite kila geti Jumamosi asubuhi kabla gunia halijabebwa. Mtu mwaminifu, aliyezoea namba.

"Nani huyo?" akauliza mkwe.

Nikakohoa.

Mbebaji alikuwapo tayari. Tunamwita Mama Chupa, mwanamke wa makamo mwenye mkokoteni wa magurudumu mawili na kicheko cha kuamsha wafu. Alikuwa akiokota chupa mtaani kwetu tangu kabla ya mtu yeyote kuzungumza habari za mazingira. Mpango ukawa hivi. Mimi napita kwanza na mizani ya ndoano, napima gunia getini, naandika kwenye simu. Mama Chupa anapita nyuma, anapakia, anakokota hadi ghala la mnunuzi, ambako wanapima tena na kumlipa kwa kilo. Takwimu zangu zinakwenda kwa mkwe na manispaa. Za ghala zinakaa ghalani hadi mwisho wa majaribio, ndipo zilinganishwe. Mama Chupa mwenyewe programu hakuwa nayo. Simu yake ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa mpira.

Jumamosi ya kwanza nilitembea nyumba zote arobaini na sita. Naapa. Nilivaa na kofia yangu ya kazi. Saba tu ndizo zilizokuwa na kitu getini. Fundi cherehani alinipa kopo moja, akaomba alione likipanda kwenye orodha. Mwalimu mstaafu alinihutubia robo saa juu ya wajibu wa raia, kisha akanipa gazeti. Jumla ikawa kilo kumi na moja. Mama Chupa alinikuta nimekaa kwenye jiwe, akaniuliza kama hayo ni magoti yanalia au kuna mtu anafungua mlango usiotiwa mafuta.

Jumamosi ya pili, kilo kumi na nne. Jioni ile nilimkuta mkwe jikoni, kompyuta iko wazi, yeye ametazama dirisha. Hakuwa analia; alikuwa ameshamaliza kulia. Akanipakulia chakula, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba labda watu hawajaelewa, labda kosa ni la muundo, ataanza upya vile vitufe.

Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha asubuhi na goti la kushoto likakataa ngazi. Nikakaa barazani na simu. Nikatazama wiki iliyopita, nikaongeza kidogo, nikaandika.

Kulikuwa na utamu fulani. Kila nilipobonyeza, kile kitufe kikubwa kilitoa mlio kama wa kumeza mate. Fundi cherehani nikampa kilo tatu na robo. Mwalimu nikampa nne, asije akanihutubia tena. Nilipofika nambari thelathini na moja, nyumba ambayo wenyewe walihama na kufuli lake limeshaota kutu, mkono wangu haukusita hata kidogo. Mstari hauachwi wazi. Nikaiandikia kilo tano. Jioni mkwe alikuwa anaimba jikoni.

Sasa mnaniuliza, watu wa mtaa hawakushangaa? Mtu ukimpa kilo asizotoa, hakuulizi zimetoka wapi. Fundi cherehani alipojikuta wa sita kwenye orodha alinunua simu kubwa zaidi ili ajione vizuri. Mwalimu alipopitwa na jirani yake alinisimamisha njiani kuniuliza kama mizani yangu imekaguliwa. Nikampandisha wiki iliyofuata, akanisalimia kwa mikono miwili. Kuna wiki nyumba yenye kufuli ilishika nafasi ya tatu, na watu wakasema kwa uchungu kwamba wale waliohama walikuwa watu wasafi sana.

Kweli moja niiseme. Si kila kitu kilikuwa hewa. Watu walipoona wanapanda, baadhi walianza kutenga taka za kweli. Magunia getini yaliongezeka kidogo kidogo, na Mama Chupa akaacha kupita na mkokoteni mtupu. Lakini mimi sikushuka kuyapima. Sikujua hata yalikuwa mangapi. Namba zangu zilikuwa zimeshatangulia mbali, nami nilizifuata kwa macho kutoka barazani, chai mkononi.

Wiki kumi na mbili zikaisha. Simu yangu ilisema mtaa wetu umetoa kilo elfu mbili mia saba na kumi na tatu. Ghala likasema limepokea mia mbili na kumi na nne.

Watu wa ofisi wakiona pengo, hutafuta aliyesimama katikati yake. Getini nilikuwepo mimi, mzee mwenye cheti na saa ya ukutani. Ghalani kulikuwa na mizani ya chuma yenye mhuri. Katikati ya viwili hivyo alikuwa mwanamke na mkokoteni. Afisa usafi wa manispaa, kijana nadhifu mwenye tai fupi, akaandika barua kwamba kilo elfu mbili mia nne tisini na tisa zimepotelea njiani na mbebaji anashukiwa kuziuza kwingine. Ghala likamzuia kuingia. Mkokoteni wake ukachukuliwa kama kielelezo. Kikao kikapangwa baada ya siku tisa.

Siku tisa ni nyingi. Siku ya pili mkwe alikaa mbele yangu na karatasi zote mbili, akaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa naye kila Jumamosi. Uliwahi kumwona akigeuza njia?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ungenipitisha hata na magoti haya. Nikanywa chai. Nikasema sijui, mwanangu, siku moja hivi nilimwona amepakia kupita kiasi, na yule mama ana ujanja wake.

Akaandika maneno hayo.

Siku ya tano Mama Chupa alikuja mwenyewe getini. Bila mkokoteni alionekana mfupi. Hakukaribia, alishika tu nondo za geti kama mtu anayezungumza na mfungwa.

"Mzee Mita, wewe ndiye ulipima," akasema. "Unajua nilichobeba. Waambie tu, basi. Mimi wataniuliza karatasi, sina karatasi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitasema. Akanishukuru. Akaniuliza na hali ya magoti.

Kikao kilikuwa asubuhi, chumba cha mikutano cha manispaa, ghorofa ya pili. Viti vya plastiki, meza ndefu yenye kitambaa kilichopigwa pasi upande mmoja. Afisa alikaa katikati, mkwe pembeni yake na kompyuta. Watu wa mtaa walijaa kwenye mabenchi, maana ilisemekana orodha ya mwisho itasomwa. Mama Chupa alisimama. Alikuwa ameambiwa akae, akakataa.

Afisa akaeleza pengo, akasoma na yale maneno yangu ya kupakia kupita kiasi, kisha akamuuliza zilipo kilo elfu mbili na zaidi.

Mama Chupa hakuapa wala hakulia. Alisema, "Mimi sijasoma hesabu kubwa. Lakini kama nimeiba, nataka nijue nimeiba kwa nani. Nisomeeni nyumba moja moja."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilisukuma kiti nyuma, nikapiga meza ngumi hata tai ya afisa ikaruka begani, nikasema kwa sauti iliyotikisa vioo, mwacheni mama huyu, mwenye makosa ni mimi, nichukueni mimi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akatoa leso.

Sivyo. Niliapa mwanzo, basi nirudi nyuma. Sikuinuka. Nilikaa safu ya pili, mikono katikati ya mapaja, nikitazama kisigino cha kiatu cha mtu wa mbele.

Afisa alianza kusoma. Nyumba ya kwanza, kilo sitini na moja. Ya pili, hamsini na nane. Kila nyumba iliposomwa, mwenyewe alijinyoosha kidogo kwenye benchi. Hakuna aliyesema mimi sikutoa hizo. Fundi cherehani alisikia kilo sabini na nne zake, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia wasifu wa marehemu aliyempenda.

"Nambari thelathini na moja," akasoma afisa. "Kilo themanini na tatu."

Mama Chupa akamkatiza. "Hiyo si ile yenye kufuli?"

Afisa akaitazama tena karatasi yake.

"Kufuli lina kutu," akasema tena, taratibu. "Magugu yamefika dirishani. Mimi nimeiba kilo themanini na tatu kwa magugu?"

Fundi cherehani ndiye aliyecheka kwanza, kisha akakumbuka kilo zake mwenyewe, akanyamaza ghafla. Mkwe hakucheka. Nilimwona akiinama kwenye kompyuta, akibonyeza vitu viwili vitatu, kisha akaacha kubonyeza.  Angeweza kuifunga. Ile ilikuwa kazi yake, jina lake, na mimi ni baba mkwe wake, nani angejua? Akaigeuza kuelekea kwa watu.

Kumbe programu, kila unapoandika, hukumbuka mahali simu ilipo na saa. Hakuniambia kwa sababu hakuona haja. Kwake yeye ni kitu cha kawaida, kama karatasi kuwa na mistari. Kwenye kioo ilikuwapo ramani ya mtaa wetu. Wiki mbili za mwanzo, vidoti vya buluu vilitawanyika geti kwa geti, hadi mwisho wa barabara. Kisha akasogeza wiki ya tatu. Vidoti arobaini na sita vilikuwa vimerundikana mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, kama nzi. Wiki ya nne vivyo hivyo. Ya tano vilevile. Wote mle ndani wanaijua baraza ile. Wengine wamewahi kuikalia.

"Muda gani?" afisa akauliza.

"Dakika kumi na moja kwa nyumba zote," akasema mkwe. Hakunitazama. "Wiki zote kumi."

Mama Chupa ndiye aliyenitazama. Nilitegemea matusi, ningeyapokea kama mvua. Aliniuliza jambo moja tu: "Na ile siku uliyoniona nimepakia kupita kiasi, uliniona kutoka wapi?"

Nikarudisha macho kwenye kile kisigino. Jibu lake nalitafuta hata leo.

Nilidhani nimeshaumia vya kutosha, lakini kilichobaki alikitoa afisa, tena bila nia mbaya. Alikuwa anapanga karatasi zake, akasema kwa mshangao tu kwamba mia mbili na kumi na nne si haba. Mtaa ule mwingine ulikuwa umeleta mia moja na tisini, nao umekubaliwa. Mtaa ambao haujawahi kutenga hata kopo ukifikia mia mbili kwa miezi mitatu, unatosha kabisa. Wangeupitisha wetu kwa furaha. Lakini sasa hawezi kumpelekea mkubwa wake programu ambayo mpimaji wake ni baba mkwe wa mtengenezaji na namba zake zimepikwa barazani.

Mkwe akafunga kompyuta. Akamwambia asante.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, wao wakala, kisha mimi nikabaki na sahani.

Jina la Mama Chupa lilisafishwa kwa barua ya mistari mitatu. Mkokoteni ulirudishwa gurudumu moja limepinda. Zile siku tisa hakuna aliyezizungumzia, na ghala lilikuwa limeshampa njia yake mtu mwingine mwenye pikipiki ya miguu mitatu. Fundi cherehani na mwalimu walinisuta hadharani kwa kuaibisha mtaa. Nilipomwuliza mwalimu zile kilo zake alizirudisha kwa nani, alisema hiyo ni hoja nyingine.

Mkwe hakuhama. Ningependa angehama. Asubuhi ananiamkia, ananiwekea chai, anafuta meza. Siku hizi anakwenda kufanya kazi kwa mtu, anaingiza namba za mauzo ya viatu kwenye programu iliyotengenezwa na mwingine. Jioni ananipakulia chakula, anauliza kama nahitaji maji. Heshima ni ileile, haijapungua hata punje. Kilichoondolewa ni maneno. Juzi nilimtolea ile hadithi ya mbwa mweusi, ambayo zamani ilikuwa inamfanya ashike mbavu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, baba," akaosha vyombo.

Jumamosi moja, wiki ya pili baada ya kikao, Mama Chupa alisimama getini na mkokoteni wake unaochechemea. Mizani yangu ya ndoano alikuwa nayo mkononi. Alikwenda kuiomba manispaa, walioichukua baada ya kikao, wakampa, maana hawakuwa na kazi nayo.

"Elfu mbili mia nne tisini na tisa," akasema. "Uliandika nimeziiba. Mimi sinazo. Kwa hiyo zitafute wewe, ulete. Siku tukizimaliza nitakuita tena Mzee Mita. Kwa sasa shika hapa, sukuma."

Nikamwambia habari za magoti. Akasema magoti nayo ni mashahidi, waje.

Basi nasukuma. Kila Jumamosi, geti kwa geti, nyumba arobaini na tano, maana ile moja tunaipita. Programu imezimwa, hakuna orodha, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, kwa hiyo wengi wameacha kutenga. Wengine hawafungui. Mwenye pikipiki naye anapita mapema na kuchukua vizuri. Tunachopata anakipeleka Mama Chupa kuuza kwenye ghala jingine la mbali, na hela ni yake, kama inavyopaswa kuwa. Kilo anaziandika kwa mkaa ndani ya ubao wa mkokoteni. Tumefikia mia moja thelathini na nane. Nimepiga hesabu ya miaka, kisha nikaiacha, maana kwa umri wangu si hesabu nzuri.

Utaratibu ni wake. Yeye anainua gunia, mimi nasoma kwa sauti, mwenye nyumba akiwa anasikia. Leo asubuhi, nyumba ya ishirini na mbili, gunia la maboksi yaliyolowa. Mshale ulikuwa kwenye kilo moja na robo. Jua lilikuwa kali, goti lilikuwa linapiga, na mbele yetu kulikuwa bado na nyumba ishirini na tatu.

Nikasoma moja na nusu.

 Mama Chupa alilishusha gunia chini, akalitoa kwenye ndoano, akanikabidhi mizani na kukunja mikono. Nikainama, nikalishika gunia, nikaliinua mwenyewe, nikasoma upya.